Sheria waliijua, faili hawakulisoma: jibu kwa msomaji wa Bombo anayeingia LDC

Swali: "Shikamoo wakili. Nimemaliza digrii ya sheria na mwaka huu naingia LDC, kile Kituo cha Maendeleo ya Sheria, kwa kozi ya uwakili. Mimi ni Mnubi wa Bombo. Nyumbani tunaongea Kinubi na Kiswahili, Kiingereza nimekikuta shuleni. Chuoni nilipita vizuri kwa kukariri noti. Lakini wenzangu wawili waliotangulia wamerudia mitihani, na wote wananiambia jambo moja: sheria waliijua, kilichowaangusha ni kusoma na kuandika. Maana yake nini hasa? Nitafute mwalimu wa Kiingereza? Nianzie wapi?"

Marahaba, mdogo wangu. Wenzako wamekuambia kweli, ila hawakuimalizia.

Nianze na mwalimu wa Kiingereza: weka hiyo pesa mfukoni. Mtu aliyefika hadi digrii ya sheria hapa Uganda ameandika mitihani ya Kiingereza tangu shule ya msingi. Ninapokaa kusahihisha rasimu za vijana wanaofanya mazoezi ya uwakili, si mara nyingi nakuta kazi iliyoharibika kwa sababu ya sarufi. Nakuta kazi zilizoharibika kwa sababu mwandishi hakusoma alichopewa, au aliandika kila anachojua badala ya kile alichoulizwa. Hayo mawili hayatibiwi na kamusi.

Chuoni mlizoea swali linalosema "jadili". Unajua mada, unamwaga noti, unataja kesi sita, unapata alama. LDC haiko hivyo. Kituo kile kimekuwepo tangu 1970 kwa kazi moja kubwa, kumgeuza msomi wa sheria awe mtu anayeweza kukabidhiwa faili la mteja, na mtihani wake umejengwa juu ya kazi hiyo. Unapewa mkasa: mteja amekuja, amesema haya na haya, ameleta barua, mkataba, risiti. Halafu unaambiwa umshauri na uandae hati zinazohitajika. Hakuna anayekutajia ni sheria gani inahusika. Imefichwa ndani ya maelezo, na anayesoma haraka anaipita.

Kwa hiyo kusoma kwenyewe kuna namna yake. Anza na mwisho wa swali, pale penye maelekezo. Wewe ni wakili wa nani? Umeombwa nini: maoni ya kisheria, barua ya madai, hati ya madai, hati ya kiapo? Leo ni tarehe ngapi ndani ya mkasa? Nimeona hati nzuri kabisa ya madai iliyoandikwa na mtu aliyeambiwa kwamba yeye ni wakili wa mdaiwa. Ukishajua unatafuta nini, rudi juu usome mkasa wote bila kuandika. Mara ya pili ndipo ushike kalamu, na unachoweka alama ni mambo matatu tu: tarehe, pesa, na kila mtu ni nani kwa nani.

Chukua mkasa huu. Nimeutunga mwenyewe, lakini kwa mtindo huohuo.

Mama mmoja muuza nguo wa Koboko anafika ofisini kwako tarehe 3 Aprili 2024. Anasema kwamba tarehe 14 Machi 2022, saa mbili asubuhi, alikuwa akitembea pembeni mwa barabara kuelekea sokoni. Pikapu ya idara ya maji ya wilaya, ikitoka kukagua visima, ilijaribu kulipita lori kwenye kona, ikatoka barabarani na kumgonga. Alivunjika paja la kushoto, akalazwa hospitali ya rufaa ya Arua kwa wiki sita. Ana risiti za matibabu za shilingi 3,400,000. Pesa za bodaboda na za msichana aliyemshikia duka alilipa mkononi, hana karatasi. Dereva alikuja wodini kuomba msamaha. Mkuu wa idara naye alimwambia asiwe na wasiwasi, wilaya itamwangalia, na mama akasubiri. Mshauri mteja na uandae hati zinazohitajika.

Wengi wakifika hapa wanafurahi, kwa sababu uzembe barabarani wameusoma tangu mwaka wa kwanza. Wanaandika kurasa mbili kuhusu wajibu wa dereva kwa watembea kwa miguu. Walio makini zaidi wanaona neno "wilaya" na kukumbuka ile notisi ya siku 45 kabla ya kuishtaki serikali. Wanataja kesi ya Kabandize dhidi ya KCCA, mamlaka ya jiji la Kampala, ambamo Mahakama ya Rufaa ilisema kukosa kutoa notisi hiyo peke yake hakuliui shauri. Ni sheria nzuri, na imetajwa sawasawa. Lakini mteja wao ameshachelewa na wao hawajaona.

Wilaya ni serikali ya mitaa. Ile sheria fupi ya taratibu za madai na ukomo wa muda inayohusu mashauri dhidi ya serikali inasema dai la uzembe dhidi ya serikali au mamlaka ya mitaa lifunguliwe ndani ya miaka miwili. Miaka miwili tangu 14 Machi 2022 iliisha 14 Machi 2024. Mama ameingia ofisini kwako siku ishirini baadaye. Na ile ahadi ya mkuu wa idara, "wilaya itamwangalia", iliwekwa kwenye mkasa makusudi kama chambo. Ahadi ya mdomo haisimamishi saa. Hayo yalipaswa kuwa kwenye mistari ya kwanza ya maoni yako, na kila kinachofuata kitoke hapo. Je, dereva mwenyewe bado anashtakika? Kwake inatumika sheria ya jumla ya ukomo, miaka mitatu kwa majeraha ya mwili yatokanayo na uzembe, kwa hiyo muda upo. Ila itabidi ueleze pia kinga ambayo Sheria ya Serikali za Mitaa inampa mtumishi aliyetenda kazi yake kwa nia njema. Hapo mtahini anaona wakili anafikiri.

Sasa badilisha kitu kimoja tu. Sema pikapu ni ya mkandarasi binafsi aliyepewa kazi ya visima. Ukomo unakuwa miaka mitatu, mama yuko ndani ya muda hadi Machi 2025, na swali zima limegeuka kutoka barua ya maoni yenye habari mbaya hadi hati ya madai. Mwenye gari ndiye aliyebeba swali lote.

Masuala ya ardhi nayo yamejaa mitego ya aina hii, na huko ndiko naona vijana wa Kampala wakijiamini kupita kiasi kwa sababu wote wamekulia kwenye habari za kibanja (kipande anachokaa mpangaji kwenye ardhi ya mtu) na busuulu (kodi anayomlipa mwenye ardhi). Mkasa unasema mzee ameishi na kulima kwenye ardhi ya mailo, yaani ardhi yenye hatimiliki ya kudumu, ya mtu mwingine "tangu Desemba 1984" bila kubughudhiwa. Mtahiniwa anaona miaka kama arobaini, anaandika kwa furaha kwamba mzee ni mkaaji kwa nia njema, ambaye sheria inamlinda. Sheria ya Ardhi inataka miaka 12 au zaidi kabla ya Katiba kuanza kutumika, yaani kabla ya 8 Oktoba 1995. Hesabu kwa vidole: alipaswa kuwa ameingia kufikia Oktoba 1983. Mzee wetu amekosa mwaka mmoja na ushee, na miaka yote aliyokaa baada ya 1995 haimsaidii kwenye kipengele hicho. Lazima utafute njia nyingine: alinunua kutoka kwa nani? Huyo aliyemuuzia aliingia lini? Mwenye ardhi aliwahi kumruhusu? Kama majibu yamo kwenye mkasa, yatakuwa katika sentensi moja ambayo umeipita ukidhani ni mapambo.

Tuje kwenye kuandika. Hapa nitakaa kidogo, maana ndipo alama nyingi zinapomwagika.

Turudi kwa mama wa Koboko, tuseme gari ni la mkandarasi. Nimeshaona aya ya namna hii mara nyingi (mtihani ni wa Kiingereza, lakini ugonjwa ni uleule katika lugha yoyote):

"Mshtakiwa aliendesha gari vibaya sana kama watu wote walivyoona, na ripoti ya polisi inaonyesha wazi kwamba yeye ndiye mwenye makosa, na kwa sababu hiyo mteja wetu ameumia vibaya na anastahili kulipwa fidia kubwa."

Amri ya 6 ya Kanuni za Madai inataka hati ya madai iwe na maelezo mafupi ya mambo ya msingi, si ushahidi. "Kama watu walivyoona" ni ushahidi; hao watu wanakwenda kwenye orodha ya mashahidi. Ripoti ya polisi inakwenda kwenye orodha ya nyaraka na kwenye muhtasari wa ushahidi, ambavyo lazima viambatane na hati yenyewe. Kumbuka kuviandaa, kwa sababu "hati zinazohitajika" iko katika wingi. "Anastahili fidia kubwa" inangojea mwishoni, penye maombi. "Vibaya sana" haisemi kitu. Halafu huyu ni mdaiwa; mshtakiwa yuko kwenye jinai. Ukiondoa hayo yote, aya inabaki tupu: haina tarehe, haina mahali, haina jeraha, na mkandarasi mwenye pesa hayumo kabisa.

Sasa tazama hii:

"Tarehe 14 Machi 2022, saa mbili asubuhi au karibu na hapo, mdai alikuwa akitembea pembeni mwa barabara mjini Koboko. Mdaiwa wa kwanza, akiwa kazini kama dereva wa mdaiwa wa pili, aliendesha pikapu kwa uzembe, akatoka barabarani na kumgonga mdai. Mdai alivunjika mfupa wa paja la kushoto."

Sentensi tatu, na kila moja inafanya kazi. Yale maneno "akiwa kazini kama dereva wa mdaiwa wa pili" ndiyo yanayomleta mwajiri mahakamani. Yakikosekana, umemshtaki dereva asiye na kitu na kumwacha mwenye gari aende zake, hata kama chuoni uliandika insha ya alama themanini kuhusu mwajiri kuwajibika kwa makosa ya mfanyakazi wake. Chini ya aya hiyo unaorodhesha uzembe wenyewe: alijaribu kulipita lori kwenye kona, alitoka kwenye njia yake, alishindwa kufunga breki kwa wakati. Yote hayo yatoke kwenye mkasa. Usiongeze kwamba alikuwa amelewa kwa sababu tu hati uliyoikariri ilikuwa na mlevi.

Na pesa. Fidia mahsusi, yaani ya pesa zinazohesabika ambazo mteja ameshazitoa, hudaiwa kwa kutajwa wazi na kuthibitishwa kikamilifu. Kesi ya Kyambadde dhidi ya utawala wa wilaya ya Mpigi, ya mwaka 1983, inatajwa kila siku kwa hilo. Kwa hiyo 3,400,000 inaandikwa peke yake, bodaboda peke yake na msichana wa duka peke yake, kila moja na kiasi chake. Wanafunzi wengi wanazitupa zile zisizo na risiti. Kyambadde haikusema lazima kuwe na karatasi. Mama anaweza kuzitolea ushahidi kwa mdomo. Lakini asiyezitaja kwenye hati atazikosa. Mahakama ya Juu ilishaliweka wazi katika kesi ya Interfreight Forwarders dhidi ya Benki ya Maendeleo ya Afrika Mashariki: mtu hashindi kwa jambo ambalo hakulileta kwenye hati zake.

Kipimo cha haraka cha hati ya madai ni maswali matatu ya Auto Garage dhidi ya Motokov, kesi ya 1971 ambayo bila shaka unaijua kwa jina. Je, hati inaonyesha mdai alikuwa na haki? Inaonyesha haki ilivunjwa? Inaonyesha mdaiwa ndiye anayewajibika? Watu huikariri ili waitaje. Mimi nakuomba uitumie kusahihisha kazi yako mwenyewe kabla ya kugeuza karatasi. Weka kidole kwenye sentensi inayojibu kila swali. Kidole kikikosa pa kutua, andika sentensi hiyo. Hati isiyoonyesha msingi wa dai hukataliwa chini ya Amri ya 7, na mtahini naye anaijua kanuni hiyo.

Barua ya maoni ina tatizo la upande wa pili. Kule watu huandika sheria, sheria, sheria, halafu sentensi moja: "kwa hiyo mteja atashinda." Mteja hakukulipa umfundishe sheria. Toa jibu mwanzoni kabisa, kisha ueleze kwa nini, kisha umwambie afanye nini kesho asubuhi. Sehemu inayobeba alama ni ile unayounganisha kanuni na tukio, na dalili yake ni rahisi: sentensi zinazoanza na "kwa kuwa" na kubeba jambo kutoka kwenye mkasa. "Kwa kuwa pikapu ni ya wilaya na ajali ilitokea 14 Machi 2022, muda wa kufungua shauri uliisha 14 Machi 2024." Kama kurasa zako tatu hazina sentensi kama hiyo, umeandika noti. Na kama barua inakwenda kwa muuza nguo, Kilatini kiache nyumbani.

Hati ya kiapo nitaigusa tu. Anayeapa aseme anayoyajua mwenyewe. Kwenye maombi madogo ya njiani, yanayoletwa kesi kuu ikiwa bado inaendelea, anaruhusiwa kusema anayoyaamini, mradi ataje ameyatoa wapi. Wakili akiandika hoja za kisheria ndani ya kiapo cha mama wa sokoni, kila mtu anajua nani anaongea.

Jambo jingine linalokula alama kimyakimya ni namba za sheria. Toleo jipya la sheria za Uganda la 2023 lilianza kutumika Julai 2024 na sura nyingi zimehama. Sheria ya Taratibu za Madai uliyoijua kama Sura ya 71 sasa ni 282. Kanuni ya Adhabu imetoka 120 kwenda 128. Vifungu vya ndani navyo vimesogea mahali pengi. Noti zinazouzwa kwenye maduka ya fotokopi ya Wandegeya, nyingine zimepigwa chapa upya mara nyingi kiasi kwamba hata aliyeziandika hajulikani, na bado zina namba za zamani. Sizikatazi, wote tumezipitia, ila kila kifungu kihakikishe kwenye sheria yenyewe. Hukumu za zamani zitaendelea kutaja namba za zamani, hivyo jizoeze kusoma ukiwa na zote mbili pembeni.

Unaniuliza uanzie wapi. Anza na hukumu moja kwa siku kutoka ULII, tovuti ya sheria na hukumu za Uganda, ni bure. Usiisome kutoka juu kwenda chini kama habari za gazeti. Nenda mwisho uone nani kashinda na mahakama imeamuru nini, rudi kwenye masuala yaliyopaswa kuamuliwa, ndipo usome sababu. Kwa Mahakama ya Juu, tafuta hukumu ya jaji aliyeongoza, halafu uone wenzake wamekubali au mmoja amejitenga. Ukimaliza, funga simu na umsimulie mtu wa nyumbani kwa Kinubi au Kiswahili: nani alimfanyia nani nini, lini, na mahakama imesema nini. Ukikwama katikati ya masimulizi, hapo ndipo ambapo hukuelewa, na Kiingereza cha hukumu kilikuwa kimekufichia. Kisha andika usimulizi huohuo kwa Kiingereza, sentensi fupi, aya moja. Kwa hiyo usikione Kiswahili chako kuwa mzigo. Katiba yetu inakitambua kama lugha rasmi ya pili tangu marekebisho ya 2005. Mahakama inaendelea kuandika kwa Kiingereza, lakini mteja wa Koboko au wa kambini Bombo atakueleza mkasa wake kwa Kiswahili, na wewe utausikia bila mkalimani.

Mara mbili kwa wiki, andika hati nzima kwa kalamu na saa mezani. Nasema kwa kalamu kwa sababu mmezoea kompyuta: mnakopi hati ya mwenzenu, mnabadilisha majina, mnaamini mmeandika. Ukishaingia LDC utawekwa kwenye kikundi cha kazi, na kila kikundi kina mmoja au wawili wanaoandika huku wengine wakisaini. Kuwa miongoni mwa wanaoandika, hata kama wenzako wanakuona mjinga wa kujitolea. Mkibadilishana kazi, mwambie mwenzako asikusahihishe Kiingereza. Aulize tu pembeni ya kila aya: nani, lini, wapi, kiasi gani?

Na kabla masomo hayajaanza, tenga asubuhi chache ukakae nyuma kwenye mahakama ya hakimu iliyo karibu nawe, mashauri husikilizwa hadharani. Nenda na daftari. Sikiliza shahidi mmoja tu kuanzia anapoapa hadi anapomaliza kuhojiwa na pande zote mbili, halafu nyumbani andika mambo ya msingi ya kesi yake yasiyozidi nusu ukurasa. Zile nusu kurasa za mwanzo ukiniletea, nitazisoma.